Mchanga wa Ntimaru

Robi mwanangu,

Kama utaucheka mwandiko wangu, cheka kwanza umalize, ndiyo usome. Darasa la tatu nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe. Na usisahau kwamba barua iliyomleta mama yako katika nyumba hii niliiandika kwa mkono huu huu, mistari minne, makosa tisa, na akaja. Wako wapi hao wenye digrii ambao barua yao moja bado inafanya kazi baada ya miaka karibu thelathini?

Juzi uliniambia kama nina neno nikurekodie kwenye simu. Nilijaribu. Nilipojisikiliza nikasikia sauti inatetemeka kama mkanda uliolegea, nikafuta. Karatasi haitetemeki. Ningeandika Kijaluo, mama yako angesema namficha kitu, na Kikuria changu unakijua, kinaishia kwenye salamu na kuomba maji. Basi ni Kiswahili, lugha iliyotuoa sisi wawili kabla padri hajafika.

Leo Jumamosi, Wasabato wa Kosele wako kanisani na mashine nimeizima. Watu watasema Mzee Ochola ana heshima sana kwa Sabato ya wenzake. Waache waseme, heshima haikatai kuongezwa. Nimekaa juu ya gunia la pumba, karatasi nimeiweka kwenye mizani. Nyuma ya ukuta nawasikia wewe na mama yako mnabishana habari ya sufuria, yeye anataka uende na sita, wewe unataka mbili. Utaenda na sita. Nakwambia mapema usichoke bure.

Kesho asubuhi pikapu inakuja kuchukua mawe yako mawili na mota yako ya stima, na wewe pamoja nayo, mpaka Ntimaru kwa wajomba zako, ukafungue mashine yako ya kusaga. Nilikataa miezi mitatu. Nilisema mtoto aliyezaliwa penye mashine ya baba yake hapa Kosele anatafuta nini huko mpakani. Nilisema mota isiyotoa moshi ni kama mtu asiyekohoa, huwezi kujua kama yuko hai. Nilisema magoti yangu hayawezi safari, ulipoomba nije siku ya kufungua. Nilisema mengi. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutopanda boda ya kijana mlevi, mama yako alianza Jumatatu na bado anaendelea, namsikia. Mimi nina neno moja tu, ila ni refu.

Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tunapima mkanda wa mota yako, uliniuliza, "Baba, ni nani alitia mchanga kwenye injini yako kule Ntimaru? Niambie jina, nimjue mapema."

Nami nikajibu kama mganga, "Nenda tu, utamjua kwa macho yake."

Ukauachia mkanda, halafu ukauliza polepole, "Ni mjomba Mwita?"

Mimi nikainama nikaanza kutafuta spana, na spana nilikuwa nimeishika mkononi.

Robi, hakuna aliyetia mchanga.

Rudia kusoma mstari huo ukitaka, sitauandika mara mbili. Hadithi uliyoisikia tangu unanyonya, kwamba baba yako alikuwa na mashine Ntimaru iliyotetemesha vilima, na watu wa kule wakaona wivu, wakaja gizani wakamimina mchanga kwenye injini, hadithi hiyo niliitengeneza mimi, na kwa kweli niliitengeneza vizuri. Mwanzo ulikuwa mchanga wa ngumi moja. Ulipoanza shule ulikuwa umefika gorogoro, lile kopo la kupimia unga. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yako kule Sindo, nilipopata wasikilizaji wazuri, ulifika debe zima. Debe la mchanga haliingii kwenye injini ile hata ukisukuma kwa mguu, na walikuwepo mafundi wawili pale mezani, na hakuna aliyeniuliza. Ndivyo ninavyosimulia.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Hujaona? Kila nikikaribia mahali pa mchanga, mama yako huinuka akaenda kuangalia moto ambao haujazimika.

Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Kabla ya mashine nilikuwa kijana wa machimbo ya dhahabu, Migori. Si wa kuchimba. Mimi nilikuwa wa kusaga. Mawe yakitolewa shimoni yanakuja kwangu, nayasaga mpaka yawe unga, ndiyo yaoshwe. Hakuna aliyesaga kama mimi, na hilo si majivuno, waulize waliobaki. Nikimaliza jiwe unaweza kumpaka nalo mtoto kama poda. Nilipomuoa mama yako na kuweka kitu kidogo pembeni, nikasema, mtu aliyesaga jiwe, nafaka ndogo kama wimbi itamshinda kwa lipi? Nikanunua mawe mawili ya kusagia na injini kuukuu ya dizeli, nikavipeleka Ntimaru kwa wakwe zangu. Ndugu zangu walinicheka mpaka wakakaa chini. Mjaluo kwenda kuishi karibu na mama mkwe wake, wapi ulisikia? Nikawaambia watakuja kuomba unga.

Mjomba wako Mwita, ndugu wa mama yako, alinipa kiwanja karibu na soko bila kuniuliza hata swali. Nilijenga kibanda kwa siku nne. Ukutani nikaandika kwa chokaa, herufi kubwa kama ng'ombe, MASHINE YA BABA YAO, yaani bingwa wao wote. Kisha nikafunga kopo juu ya bomba la moshi, ili injini ikiwaka ipige kelele ya pekee, tuku-tuku-tuku-piii, na mtu aliye mbali akiwa kwenye shamba lake ajue Ochola amefungua.

Miezi miwili ya kwanza, Robi, ilikuwa tamu. Natamani ungeiona. Wanawake walipanga madebe yao mpaka barabarani. Kulikuwa na wengine wakisikia ile tuku-tuku wanaanza kuimba juu yake, mmoja anatoa, wenzake wanapokea, na mimi ndani nimekuwa mweupe kama malaika, kope na masharubu. Mama yako akiniletea uji ananiita Mzungu. Nikitoka nje kupumua natembea taratibu, mikono nyuma, ili wanione. Nilijua kila mtu na debe lake. Furaha ile usiionee haya ikikujia, na hata ukitembea mikono nyuma kidogo sitakulaumu, umenirithi. Mimi kosa langu lilikuwa kudhani watu wale wamekuja kunitazama mimi. Walikuwa wamekuja kutafuta unga.

Mawe ya kusagia yana meno, unajua. Yakisaga wiki kadhaa meno yanaisha, mawe yanakuwa laini kama kipara, unga unatoka moto na mzito. Hapo lazima uyashushe, uchukue tindo na nyundo, uyatie meno upya. Mara ya kwanza nilipoyashusha, Mwita alikuja akachuchumaa karibu yangu, akatazama muda mrefu. Mwita ni mtu wa kutazama. Kisha akasema, "Shemeji, hapa kwetu anayeyatia mawe meno hupitisha nafaka yake mwenyewe kwanza. Unga wa kwanza ni wa mwenye mashine."

Maana yake ni kwamba jiwe lililochongwa jana bado lina vumbi na vipande ndani ya yale meno. Unamwaga nusu debe ya nafaka yako, inapita, inafagia mawe, na ule unga ni hasara yako. Ukishapita ndiyo unamwita mteja. Kila mtu Ntimaru alijua hilo, hata watoto, maana bibi zao walifanya hivyo na jiwe la mkono.

Lakini mimi nilitoka kwenye dhahabu. Kule mchanga ndio tulioutafuta, nani angeumwaga? Na nusu debe ya wimbi langu zuri nikaitupe kwa sababu ya mila? Nikamwambia, "Shemeji, mimi nimesaga jiwe lenyewe likawa poda. Leo nifundishwe kusaga wimbi na mtu wa kuchunga ng'ombe?"

Mwita hakukasirika. Alisimama, akapangusa suruali, akasema, "Hata ng'ombe anajua kutema mchanga, shemeji," akaenda zake. Na mimi nikacheka sana, peke yangu.

Debe la kwanza lililokuja asubuhi iliyofuata lilikuwa la bibi yako. Mama mkwe wangu, Robi mkubwa, huyo uliyepewa jina lake. Kwa heshima ya mkwe hakuwahi kuingia kibandani. Alikuwa akiweka debe lake mlangoni, anasogea pembeni akitazama barabara, mimi nachukua, nasaga, narudisha palepale, anachukua. Hatukuwahi kutazamana uso kwa uso, na bado nilimjua kwa namna anavyotua debe, taratibu kama anayelaza mtoto. Siku ile alikuwa na wageni. Ng'ombe za mahari ya mama mdogo wako zilikuwa zinaletwa, na wazee wa upande wa pili walikuja kumi na moja, na lazima wale ugali wa wimbi wa nyumba hiyo. Nikamsagia vizuri kabisa. Nikaona unga umetoka na rangi nzuri. Nikajisifu.

Mchana nami nikaitwa mezani, mimi mkwe mwenye mashine, nikawekwa karibu na wazee. Tukanawa. Tonge la kwanza likaingia, na nikasikia krach. Nikadhani ni mimi peke yangu. Kisha nikasikia krach ya mzee wa kushoto, na ya kulia, halafu meza nzima, Robi, kama mbuzi kwenye mabua. Mzee mmoja alitoa kidole akachukua kitu kwenye ulimi, akakitazama, akakiweka ukingoni mwa sahani. Wakaendelea kula polepole, wakitafuna kwa upande mmoja. Mimi nilijua. Ulimi wangu ulilijua jiwe lile kabla ya kichwa, nimelala nalo miaka sita machimboni. Nikameza.

Jioni bibi yako akapita nje ya kibanda, akasimama pembeni kama kawaida, uso kwenye barabara, akasema, "Mkwe, wimbi ya mwaka huu ilikuwa na mawe. Hatukupepeta vizuri."

Umesikia? Mwanamke aliyepepeta wimbi maisha yake yote alichukua aibu yangu akaivaa mwenyewe, ili mkwe wake asiinamishe kichwa. Mlango ulikuwa wazi. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu. Mimi nikasema, "Ndiyo, mama. Mpepete zaidi."

Nimeandika hapo nikasimama kidogo. Mama yako amepita kuuliza naandika nini muda wote huu, nikamwambia ni maagizo ya mkanda. Ameniangalia jinsi anavyoniangalia. Amesema kama mkanda una maneno mengi hivyo basi tuuoe.

Tuendelee. Baada ya karamu ile watu walianza kupungua. Hapa nikupe kitu nilichokinunua kwa bei mbaya. Mteja wa Kosele akikuta kosa atakutukana, atamtukana na baba yako, ataita na wapita njia washuhudie, na kesho atarudi. Umewaona. Usimwogope huyo, mpe kiti, anayekutukana bado ni wako. Wa Ntimaru hatakutukana. Atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, na debe lake litapita upande wa pili wa barabara. Mimi nilihesabu salamu nikadhani ni biashara. Ukiona watu wana adabu kwako kuliko jana, toka nje uulize.

Sikuuliza. Nilifanya nini? Aibu yenyewe ndiyo hii. Nilikuwa nikiwasha mashine bila nafaka. Kwa sababu ya lile kopo. Nilijua kijiji kinasikiliza, na kopo likinyamaza watasema Ochola amekwisha. Basi nikawa nawasha asubuhi, tuku-tuku-tuku-piii, mawe matupu yanasagana yenyewe kwa yenyewe, mimi nimekaa mlangoni nimekunja mikono kama mtu mwenye kazi nyingi ndani. Wewe ni fundi, unajua mawe matupu yakisagana yanafanyana nini. Yanakulana. Meno yanaisha kwa siku chache, nayashusha tena, nachonga tena, vumbi jipya, na mteja mmoja akikosea njia akaingia, namsagia moja kwa moja, naye anaondoka na mchanga mwingi kuliko wa kwanza. Na wakati wote huo nusu debe ya wimbi langu ilikuwa kwenye kona, imefungwa vizuri, haijaguswa. Ningeimwaga mara moja tu, yangeisha. Lakini Mwita angepita angeniona. Angejua alikuwa na haki. Robi, niliona afadhali kufunga duka kuliko Mwita ajue alikuwa na haki. Na Mwita mwenyewe alikuwa ameshasahau, ana ng'ombe zake.

Kwa hiyo ukishikwa na hamu ya kuwasha mashine ili majirani wasikie, zima. Nyamaza siku hiyo. Kaa na mawe yako. Biashara ikinyamaza siku mbili haifi, inakupa nafasi ya kusikia. Najua mota yako haina kopo, na watu wa siku hizi mna hizo simu, mnapiga picha ya foleni ambayo haipo. Ni kopo lile lile.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa na mteja mmoja. Kila Jumanne, nusu debe, mlangoni, taratibu kama anayelaza mtoto. Bibi yako. Hakukosa hata mara moja. Na mimi nikawa naishi kwa Jumanne ile. Nilikuwa nikimwambia mama yako, "Unaona, mtu anayejua unga ni mama yako, hawa wengine ni wivu tu." Mama yako wakati huo ana mimba yako, amechoka, miguu imevimba. Nilisema hivyo Jumanne ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliweka chini alichokuwa akikichambua, akaniambia, "Baba, mama anakuja ili usione aibu. Unga ule anawapa kuku."

Aliendelea kuchambua.

Nimepigwa maishani, Robi. Machimboni niliangukiwa na mwamba, na kovu unalijua. Haukuniuma kama kuku wale. Nilitoka nikapita nyuma ya boma la bibi yako, nikawaona, kuku wanene kuliko kuku wote wa Kuria, wanang'aa, wananitazama kwa jicho moja moja. Kuku anahitaji mchanga, unajua, ndio unaomsagia chakula tumboni. Wale walikuwa wateja wangu pekee walioridhika. Leo nacheka nikikumbuka, na nimecheka sasa hivi mpaka mizani imetikisika. Siku ile sikucheka.

Kesho yake nilishusha mawe, nikapakia, nikamchukua mama yako na wewe tumboni, tukaja Kosele. Sikumuaga Mwita. Njiani, tulipokuwa tunabadilisha gari pale Migori, mtu tuliyefahamiana naye akauliza, "Ochola, mbona umerudi na mashine?" Nami kabla sijafikiri nikasema, "Walinitilia mchanga." Mdomo ndio uliotoa mchanga ule, kwa sababu mchanga ndio uliokuwa kichwani. Niliutoa kwenye unga wangu nikautia kwenye mikono yao. Akauliza ni nani. Nikasema, "Watu wa nyumbani, ndugu yangu, huwezi kuwasema." Na hilo ndilo baya kuliko mchanga wenyewe, maana mimi nilikuwa na shemeji mmoja tu karibu na kiwanja kile, na kila aliyesikia alijua kuhesabu mpaka moja.

Maneno yalimfika Mwita. Hakuja kuuliza, hakutuma mtu. Ulipozaliwa alileta mbuzi wawili, akanywa maji, akakubeba, akakuita mama, kwa jina la mama yake, akaondoka. Wakati wa mazishi ya bibi yako, nilisimama mbali karibu na ua, na yeye akaniletea sahani kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Hapa Kosele ndipo nilipoanza kupitisha nafaka yangu kwanza. Siku ya kwanza kabisa, nimefunga mlango. Watu walipouliza kwa nini, nikawaambia ni utaalamu wangu wa dhahabu, dawa ya mawe, nimeivumbua mwenyewe. Mpaka leo wasagaji wote kutoka hapa mpaka Homa Bay wanafanya hivyo na wanasema wamejifunza kwa Mzee Ochola. Na ndiyo sababu mashine yangu imesimama imara miaka yote hii, imekusomesha, imejenga nyumba hii. Ni neno la Mwita. Nimekula neno la Mwita maisha yako yote na sikumpa hata gorogoro.

Sasa yeye huyo ndiye aliyekupa kiwanja. Kile kile. Mama yako anasema ukuta upo, na mvua ikinyesha maandishi yangu yanaonekana chini ya rangi mpya, BABA YAO. Na wewe unaenda kusimama pale kila asubuhi ukimtazama mjomba wako machoni ukitafuta mchanga. Hilo ndilo lililonitoa usingizi wiki mbili hizi, si umeme, si mota, si kijana gani atakupigia mluzi. Nilikufundisha mashine vizuri kuliko mtu yeyote angeweza, na huna mpinzani, sikio lako la injini limelishinda langu tangu una miaka kumi, ingawa sijawahi kulisema mbele ya watu. Kisha nikakuwekea mchanga kwenye jicho. Hata duka la dhahabu lingekufa ukilifungua hivyo.

Basi sikiliza mpango. Nimeufikiria vizuri, na unajua mimi nikifikiria jambo halina kona.

Mawe yako niliyatia meno Alhamisi, mwenyewe, ulipokuwa umeenda kuaga rafiki zako. Ulidhani bado nimekasirika. Fundi aliyekasirika hachongi hivyo, kayatazame. Yana meno mapya, maana yake yana vumbi. Ukifika usiyajaribu kwa nafaka ya mtu yeyote, hata kwa gorogoro moja, hata mtu akikuomba vipi. Nisubiri. Ukishafungiwa stima nipigie, siku ya pili yake nitakuwa hapo. Magoti yangu yamepona leo saa saba mchana.

Nitakuja na mama yako, na nusu debe ya wimbi, la shamba letu, amelipepeta mama yako, hakuna wa kusingizia. Nitaliweka mlangoni kwako, nitasogea pembeni nitazame barabara. Wewe utalichukua, utawasha hiyo mota yako isiyokohoa, utalipitisha lote. Ule unga wa kwanza usiwape kuku. Kuku wa nyumba ile wamekula vya kutosha.

Mwambie mama yako ausonge ugali. Mwite mjomba Mwita, mwambie aje na mdomo wake mtupu, chakula si chake, amekuja kutazama, anajua kutazama. Mimi nitanawa, nitakaa mbele yake, nitakata tonge, nitalitia mdomoni, na safari hii nitatafuna kwa pande zote mbili, polepole, mpaka asikie. Halafu nitamwambia ni nani alitia mchanga.

Sijui atasema nini. Anaweza kunyanyuka aende kwa ng'ombe zake. Ana haki nayo hiyo. Mimi nafikiri atacheka, na akicheka, Robi, ndiyo ufungue mlango uwaite wateja, mawe yako yatakuwa safi.

Nimebakiwa na meno saba, unayajua. Nitayatumia yote. Usiniletee maji mpaka sahani iwe nyeupe.

Baba yako,
Ochola, fundi wa mawe, ambaye hapa Kosele bado hajapata mpinzani